Mlima Rungwe Katika Ramani za Kale

Asubuhi ya kiangazi, kabla mawingu hayajashuka, mtu asimamaye Makandana, mahali ilipo hospitali ya Wilaya ya Rungwe katika mji wa Tukuyu, huuona Mlima Rungwe wote upande wa kaskazini. Chini kuna migomba, chai na kahawa. Juu ya mashamba kuna msitu mzito. Na juu ya msitu kuna nyasi na vichaka vya baridi hadi kileleni, mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Akigeukia mashariki huuona Mlima Kiejo, na nyuma yake ukuta mrefu wa Milima ya Livingstone. Kaskazini-magharibi uko Ngozi, mlima uliobeba ziwa ndani ya kasoko yake. Nchi hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito yake mikubwa, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote huteremka kusini kuingia Ziwa Nyasa.

Mlima huo una sura ya pili, nayo ni ile iliyochorwa katika karatasi. Kutoka Tukuyu hadi kileleni ni yapata kilometa 13 kwa mstari ulionyooka. Katika ramani ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000, safari hiyo yote ni sentimeta nne na kidogo; kidole gumba cha mtu mzima chatosha kuifunika. Katika ramani ya 1:50,000 iliyochorwa zamani za Waingereza, safari ile ile imekuwa sentimeta 26, na ndani yake mmeingia mistari ya kontua, vijito, njia na mipaka ya msitu. Mlima haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kipimo, pamoja na haja ya watawala kuijua nchi.

Katika insha hii tumekusudia kueleza jinsi mlima huu na majirani zake walivyoingia katika ramani, kazi hiyo ilifanywa na akina nani, na ni mambo gani yaliyoachwa nje. Twaamini kwamba ramani ya kale ni hati ya historia kama zilivyo hati nyingine, na yapasa isomwe kwa maswali yale yale: Nani aliiandika? Aliiandika kwa faida ya nani? Alimwuliza nani? Na pale alipopaacha peupe, je, hapakuwa na kitu, au hapakuwa na mtu aliyeulizwa?

Nchi iliyojulikana kabla ya karatasi

Wageni wengi waliokuja katika nyanda hizi walizieleza sehemu za juu kuwa pori tupu. Neno hilo yafaa lipimwe. Kusini mwa Mlima Rungwe waliishi Wanyakyusa, watu wa migomba na ng'ombe, ambao makundi yao kama Wakukwe na Waselya yalijua mpaka wa kila bonde. Upande wa Ngozi na Poroto walikaa Wasafwa. Juu ya Milima ya Livingstone walikaa Wakinga, na katika ukanda mwembamba kati ya milima hiyo na ziwa walikaa Wakisi.

Makabila haya hayakutenganishwa na milima. Yaliunganishwa kwa njia zilizopita ndani yake. Wakinga walikuwa wafua chuma, na majembe yao yaliteremshwa kwa miguu hadi kwa Wanyakyusa, ambao udongo wao wa volkano ulikuwa na rutuba nyingi lakini ulihitaji jembe. Wanawake wa Kikisi walifinyanga vyungu na kuvibadilishana kwa chakula, na vyungu hivyo vilipikiwa katika nyumba za bara zilizo mbali na ziwa. Kwa hiyo mteremko ambao mgeni angeuona kuwa magenge matupu ulikuwa, kwa mfua chuma, barabara ya biashara yake.

Njia hizo hizo zilipitisha pia heshima na ibada. Masimulizi yaliyoandikwa na Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, yaeleza kwamba mababu wa machifu waliteremka kutoka Ukinga, na kwamba Lwembe wa Lubaga, karibu na Tukuyu, na Kyungu wa Wangonde, walioko ng'ambo ya Mto Songwe, walihesabiwa kuwa ndugu. Makaburi ya wakubwa yalizungukwa na miti isiyokatwa. Vichaka hivyo vilikuwa alama zilizojulikana na kila mtu wa nchi, na mipaka yake ilihifadhiwa kwa hofu na adabu bila nguzo wala waya.

Kumbukumbu hiyo ilihifadhi hata mambo ya mlima wenyewe. Wanajiolojia wanapotaja mlipuko wa mwisho wa Kiejo huukadiria kuwa ulitokea karibu na mwaka 1800, wakati lava ilipotoka katika nyufa za ubavuni mwake. Hapakuwa na mtu mwenye kalamu siku hiyo. Tarehe hiyo imepatikana kwa sababu wakazi wa Kiejo waliwasimulia watoto wao, nao wakawasimulia wajukuu, mpaka simulizi ikamfikia mtaalamu akaiandika. Hivyo katika vitabu vya sayansi ya milima mna tarehe ambayo msingi wake ni kumbukumbu ya wakulima.

Misafara ya miguu

Wazungu wa kwanza kuandika habari za nchi hii kwa urefu walifika katika miaka ya 1870. Mwaka 1877 Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipita ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na kupanda nyanda za juu akielekea pwani. Hakufika. Alifariki katika nchi ya Ugogo mwezi Desemba mwaka huo huo, na habari za safari yake zikachapishwa na wenzake mwaka 1879. Hata hivyo, uwanda mkubwa wa nyasi ulioko kaskazini-mashariki ya Rungwe uliandikwa katika ramani kwa jina lake, ukaitwa Uwanda wa Elton kwa miongo mingi. Mtu aliyepita mara moja akawa mwenye jina. Waliochunga na kuwinda pale miaka yote hawakutajwa.

Mwaka 1879 ulikuja msafara mwingine, uliotumwa na Shirika la Kijiografia la Kifalme la London. Kiongozi wake, Keith Johnston, alikuwa mchoraji ramani hodari, lakini alifariki Behobeho mwezi Juni, kabla msafara haujafika mbali. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Vitabu vingi husimulia jinsi Thomson alivyoufikisha msafara ule Ziwa Nyasa, kisha Ziwa Tanganyika, na kuurudisha salama. Pamoja naye alikuwapo mtu ambaye wanafunzi wetu yawapasa kumjua zaidi: James Chuma.

Chuma alikuwa Myao. Alikombolewa utotoni kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, akafuatana na David Livingstone katika safari zake za mwisho, na mwaka 1873 yeye na Susi wakawa miongoni mwa walioongoza wenzao kuuchukua mwili wa Livingstone kutoka bara hadi pwani. Mwaka 1874 wote wawili walikuwa Uingereza wakimsaidia Horace Waller kuyaeleza maandishi ya marehemu. Katika msafara wa Thomson, Chuma ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi. Yeye ndiye aliyezungumza na wenyeji, aliyetafuta chakula na aliyetuliza ugomvi. Alifariki Zanzibar mwaka 1882. Kama yupo mtu ambaye jina lake lingestahili kuandikwa katika pembe ya ramani hizo za kwanza, karibu na jina la mchoraji, ni huyu.

Tusisahau kwamba ramani ya wakati ule ilipimwa kwa miguu. Msafiri alishika dira na saa. Aliandika katika daftari kwamba msafara ulikwenda upande fulani kwa dakika kadha, ukavuka kijito, ukageuka. Mwendo wa wapagazi wenye mizigo vichwani ndio uliokuwa kamba ya kupimia: wakichoka, umbali hupotoka, wakienda haraka kwa hofu ya mvua, hupotoka tena. Kwa hiyo ilibidi kila kilele kionekanacho kitazamwe kwa dira kutoka pande mbili au tatu ili makosa yasahihishwe. Na hapo Rungwe, kwa urefu wake na upweke wake, ulikuwa msaada mkubwa, kwani huonekana kutoka mbali siku ya hewa safi.

Urefu nao ulipimwa kwa chungu cha maji ya moto. Kila mtu apandapo kiasi cha mita 300, maji huchemka kwa nyuzi moja hivi pungufu. Ufukweni mwa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kileleni mwa Rungwe huchemka kwa nyuzi 90 hivi. Msafiri alichemsha maji, akatia kipimajoto chake, akasoma. Mwalimu wa sekondari aweza kuurudia upimaji huo pamoja na wanafunzi wake, na wataelewa mara moja kwa nini takwimu za zamani za urefu wa milima hazilingani.

Mpaka uliotangulia kipimo

Mwaka 1890, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mkataba wa kugawana nchi za Afrika ya Mashariki. Katika mkataba huo mpaka ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulitajwa kuanza katika mdomo wa Mto Songwe na kuufuata mto huo kwenda juu. Wakati huo hapakuwa na ramani iliyopimwa vizuri ya mto huo. Mpaka ulitangulia, kipimo kilifuata miaka minane baadaye.

Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilifika kuutafuta ardhini mstari uliokwisha andikwa. Upande wa Waingereza uliongozwa na Kapteni Close, na upande wa Wajerumani na Kapteni Herrmann, pamoja na mtaalamu wa nyota Kohlschütter na Luteni Glauning. Walitazama nyota usiku ili kupata latitudo na longitudo, walipima pembe kutoka mlima hata mlima, na mwaka 1901 serikali zao zikakubaliana juu ya mstari uliotokana na kazi hiyo. Kwa upande wa ufundi ilikuwa kazi ya makini, nasi hatuna sababu ya kuidharau.

Lakini kwa watu waliokaa pande mbili za Songwe jambo lilikuwa jingine. Wanyakyusa na Wangonde lugha zao ni za karibu sana, na mila zao ni za shina moja. Ndugu wa masimulizi, Lwembe na Kyungu, walijikuta mmoja katika dola ya Wajerumani na mwingine katika himaya ya Waingereza. Mto ambao watu waliuvuka kwenda kuoa, kuzika na kukopeshana ng'ombe uligeuzwa kuwa ukingo wa taifa. Aidha, Songwe hauna tabia ya kukaa mahali pamoja: katika nchi tambarare karibu na ziwa hufurika na kubadili mkondo wake, na mkulima aweza kulala upande mmoja akaamka shamba lake liko upande wa pili. Tanzania na Malawi zimelazimika kushirikiana katika kulisimamia bonde la mto huo. Hiyo ndiyo gharama ya mstari uliochorwa kabla ya mto kujulikana, na wanaoilipa si waliouchora.

Karatasi za Berlin

Wamisionari wa Moraviani walianzisha kituo chao cha Rungwe, chini ya mlima, mwaka 1891, na wale wa Misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huo huo. Baada yao serikali ya Kijerumani ilijenga kituo ufukweni mwa ziwa, ikakiita Langenburg, kwa heshima ya mwana wa kifalme Hohenlohe-Langenburg aliyekuwa rais wa chama cha wakoloni huko Ujerumani. Baadaye kituo kilihamishiwa nyanda za juu, katika Tukuyu ya leo, kikaitwa Neu Langenburg, maana yake Langenburg Mpya.

Daftari za maofisa, wamisionari na wasafiri zilipelekwa Berlin. Huko Richard Kiepert, na baada yake Paul Sprigade na Max Moisel, walizikusanya wakachora ramani kubwa ya koloni lote katika kipimo cha 1:300,000, iliyochapishwa na nyumba ya Dietrich Reimer, karatasi moja baada ya nyingine, kuanzia miaka ya 1890 hadi karne ya 20 ilipokwisha kuanza. Mtu aitazamaye leo hustaajabia uzuri wake. Milima imetiwa kivuli cha hudhurungi hata yaonekana kuinuka kutoka katika karatasi, na majina yameandikwa kwa herufi ndogo zilizo safi.

Akitazama zaidi ataona jambo jingine. Majina yamesongamana kandokando ya njia za misafara, lakini katikati ya njia mbili, hasa penye misitu na miinuko mikali, karatasi hubaki karibu nyeupe. Weupe huo haukuwa na maana kwamba hapakuwa na watu. Ulikuwa na maana kwamba hapakupita mtu mwenye daftari. Hatari ni kwamba wasomaji wa mbali hawakuusoma hivyo. Penye weupe walisoma “pori,” na kutoka neno pori hadi maneno “ardhi isiyo na mwenyewe” ni hatua moja tu.

Majina nayo yana somo lake. Jina moja lilipita vinywa vingi kabla ya kufika kwa mchapaji: mwenyeji alimwambia kiongozi wa njia, naye akamwambia mkalimani kwa Kiswahili, naye akamwambia ofisa, ambaye aliliandika kwa masikio ya Kijerumani. Kinyakyusa hakina sauti ya r katika maneno yake ya asili, na kinywani mwa mwenyeji jina la mlima wetu husikika “Lungwe.” Lililoandikwa ni Rungwe, nalo ndilo lililobaki. Kiejo twakiona kikiandikwa pia Kyejo na Kieyo. Watu wenyewe hawakunusurika: Wajerumani waliwaita Wanyakyusa kwa jina la Wakonde, lililotokana na Ngonde, jina la jirani zao wa ng'ambo ya Songwe. Hata neno Nyasa, katika lugha za kando ya ziwa hilo, maana yake ni maji makubwa, yaani ziwa; hivyo tusemapo Ziwa Nyasa twasema ziwa mara mbili, kwa sababu msafiri aliuliza “hiki ni nini?” akadhani amejibiwa jina.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini na kuiteka Neu Langenburg. Katika vita hivyo Waingereza walitumia nakala za ramani zile zile za Wajerumani, wakizichapisha upya kwa mahitaji yao. Hapa ndipo yaonekanapo wazi kwamba ramani si pambo. Aliyeichora alitaka kuijua nchi ili aitawale, na aliyemfuata aliitaka kwa sababu hiyo hiyo. Jina la Neu Langenburg lilikwenda na wenyewe, na Tukuyu likarudi mahali pake.

Macho ya ndege

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo ya upimaji yalibadilika. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilianzisha idara maalumu ya kupima makoloni yake. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Martin Hotine, ambaye miaka ya 1931 hadi 1933 aliongoza upimaji wa mnyororo wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika. Idara hiyo haikutegemea tena mwendo wa wapagazi. Ndege zilipiga picha za nchi kutoka juu, kila picha ikipandana na mwenzake. Mtaalamu alizitazama picha mbili kwa pamoja katika chombo maalumu, kila jicho na picha yake, na nchi ikainuka mbele yake na mabonde na vilele vyake. Hivyo aliweza kufuata mahali pote penye urefu mmoja na kuchora mistari ya kontua.

Ramani za 1:50,000 zilizotokana na kazi hiyo ni hazina. Baada ya Uhuru mwaka 1961, idara ya upimaji na ramani ya serikali yetu iliziendeleza, na vizazi vya wanafunzi wamejifunza kuzisoma kwa ajili ya mitihani. Penye mistari ya kontua iliyobanana twajua kuna genge. Penye mistari iliyoachana twajua kuna uwanda. Katika kona ya kaskazini-mashariki ya nchi hii mistari hiyo inayo hata shauri la kuchekesha kidogo: Mlima Mtorwi katika safu ya Kipengere hutajwa kuwa na urefu wa mita 2,961, yaani mita moja tu kuupita Rungwe, ambao kwa macho ya mtu wa Tukuyu hauna mwenzake.

Lakini ndege nayo ina upofu wake. Ndege iliyo juu ya msitu wa Rungwe huona vichwa vya miti tu. Haioni njia iliyo chini ya majani, chemchemi, kaburi, wala mnyama. Kwa hiyo ramani mpya iliujaza mlima kwa rangi ya kijani, na kwa msomaji asiye mwangalifu rangi hiyo ikachukua nafasi ya weupe wa zamani: hapo pia “hapana kitu.”

Mnyama aliyekuwa nje ya vitabu

Kwamba palikuwa na kitu, dunia iliambiwa katika karne hii. Mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport, waliokuwa wakiwahoji wanavijiji kuzunguka Mlima Rungwe, walisikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Mwanzoni hawakuwa na hakika kama huyo ni mnyama wa nyama na damu au wa hadithi, kwa maana Wanyakyusa wanazo pia habari za wanyama wa mizimu. Walimtafuta, na mwishoni mwa mwaka huo wakamwona vizuri katika msitu wa Livingstone. Mwaka 2004 watafiti wengine walimkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 alipewa jenasi yake peke yake, nayo ikapewa jina la mlima wetu: Rungwecebus kipunji.

Tuyapime maneno haya. Tangu kituo cha misheni kujengwa chini ya mlima hadi kipunji kuandikwa ilipita zaidi ya miaka 110. Katika muda huo mlima ulipimwa kwa dira, kwa maji ya moto, kwa nyota na kwa ndege. Wataalamu wa miamba walichunguza volkano zake. Na muda wote huo ndani ya msitu alikaa mnyama mkubwa wa jamii ya tumbili, mwenye jina la Kinyakyusa, aliyejulikana na wawindaji. Kilichokosekana hakikuwa maarifa. Kilikosekana ni kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na hapa twaona kwamba kutouliza ndiko ujinga, hata kama asiyeuliza ana vyombo vizuri.

Nalo jambo hili si la fahari tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba vipunji waliosalia duniani walikuwa 1,117 tu. Msitu wao ulikuwa umekatwa vipande kwa mbao, mkaa na mashamba. Uwanda ulioitwa wa Elton, ambao leo waitwa Kitulo na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ukiwa na kilometa za mraba 413. Msitu wa Mlima Rungwe, wenye zaidi ya hekta 13,000, ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Hivyo mistari mipya imechorwa juu ya ramani.

Kwa mistari hii mipya historia yatupa onyo. Ramani ya mwaka 1890 iliwatenga ndugu kwa sababu haikuwauliza. Mpaka wa hifadhi waweza kuilinda chemchemi ambayo mashamba yote ya Rungwe huyategemea maji yake. Waweza pia, ukichorwa bila kuuliza, kumgeuza mtu kuwa mvamizi katika kichaka cha babu yake. Msitu hulindwa vyema na mtu anayejua jina la kila kijito kilichomo ndani yake, na mtu huyo hupatikana kijijini.

Kazi iliyobaki

Basi walimu na wanafunzi wafanye nini na ramani za kale? Kwanza, wasizitupe kwa hasira ya ukoloni. Zina makosa, lakini makosa yake yanasomeka, na ukweli wake ni mwingi. Njia iliyochorwa karne moja iliyopita yaweza kuonyesha soko lililokufa. Ukingo wa msitu wa zamani, ukilinganishwa na wa leo, waonyesha tumepoteza kiasi gani, na hakuna masimulizi yawezayo kulionyesha hilo kwa kipimo halisi kama karatasi.

Pili, wasizisome peke yake. Twapendekeza kila shule ya sekondari iliyo karibu na mlima ichukue sehemu moja ya ramani ya 1:50,000, sehemu ndogo tu, bonde moja au kijiji kimoja. Wanafunzi waende kwa wazee, na waende kwa akina mama wateka maji na wakata kuni, kwa kuwa hao ndio wajuao vijito. Waulize kila kilima kinaitwaje, kwa nini kinaitwa hivyo, nani alikaa pale, na njia ilikwenda wapi. Waandike majina kama yanavyotamkwa kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kikinga, siyo kama yalivyokwisha andikwa. Wayatie majina hayo juu ya karatasi kwa kalamu ya risasi, na chini yake waandike majina ya waliowaeleza. Jambo hili la mwisho ni dogo, lakini ndilo lililowapita Kiepert na wenzake, na kwa ajili ya hilo Chuma na wapagazi wake hawakupata pembe ya karatasi.

Wakati wa kazi hiyo hautangoji. Jina la kijito huweza kuishi miaka mia tatu kinywani mwa watu, kisha likatoweka kwa vizazi viwili, watoto wanapoenda mjini na maji yanapoingizwa bombani. Mlima wenyewe ni wa zamani. Yapata miaka 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kuifunika nchi yote kwa jivu na mawe mepesi, na udongo huo ndio tulimao migomba yetu. Mlima wavumilia. Ujuzi wa watu juu ya mlima hauvumilii hivyo. Hukaa katika kichwa cha mtu mmoja, na siku azikwapo huzikwa naye.

Mtu asimamapo Makandana jioni, mawingu yakishafunika kilele, ramani ya karatasi bado itamwambia kilele kiko wapi, kwa mita na kwa nyuzi. Kwa hilo twawashukuru waliopima. Lakini mawingu hayo yametokea juu ya bonde gani, na huleta mvua ya namna gani, na bonde hilo linaitwaje, hayo atayapata kwa mzee anayeanua kahawa yake uani kabla ya mvua. Amwendee sasa, na achukue daftari.